Uliza Mtu wa Mawe: Bonde la Albert bado changa, sasa mafuta yake yaliiva lini?

Toleo lililopita tuligusia bomba la mafuta ghafi la kutoka huku kwetu Ziwa Albert, Uganda, kwenda Tanga, na tangu hapo simu yangu haijapumzika. Ya fidia na bei ya petroli nimeyarudisha kwa mhariri, hayo sio ya mawe. Nimebaki na haya ya chini ya ardhi, nayajibu ovyo ovyo tu jinsi yalivyoingia.

SWALI: Mtu wa mawe shikamoo. Mimi mwanafunzi hapa Hoima. Tulifundishwa mafuta yanachukua miaka mamilioni kwa mamilioni, ya Waarabu wanasema mwamba wake una miaka zaidi ya milioni 100. Lakini Bonde letu la Ufa mwalimu alisema halijafika hata miaka milioni 20. Sasa haya yetu yaliiva saa ngapi? Au ni kama maharagwe ya moto mdogo, ukiacha muda mrefu yanaiva tu?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Jibu fupi ni kwamba joto linaushinda muda, tena kwa mbali sana, lakini twende pole maana hapa ndo kuna utamu wenyewe.

Kwanza sahau dainosaria. Kilichogeuka mafuta ni mwani na vidudu vya majini ambavyo bila hadubini huvioni, vikifa vinazama, chini kukiwa na oksijeni bakteria wanavila vyote hadi vinaisha, oksijeni isipokuwepo vinabaki vinafunikwa na tope na tope lingine linakuja juu yake. Angalia Ziwa Tanganyika, kina chake kinapita mita 1,400 na ukishuka kama mita 200 hivi maji hayana oksijeni, hiyo kazi inaendelea kule hata sa hizi tunavyoongea. Ziwa Albert la leo lina kina cha mita hamsini na kitu tu kwa hiyo usilichukue kama picha ya kilichotokea zamani, mwani wetu ulilala kwenye ziwa lililokuwepo kabla, ambalo tope lake limegeuka mwamba na sasa liko chini huko kilomita kadhaa. Huo ndo tunauita mwamba mama. Ule mwani ndani yake ukishafukiwa unageuka kitu kigumu kinaitwa kerojeni, hakiyeyuki hata ukikiloweka kwenye petroli, ni molekuli kubwa kubwa zimeshikana. Joto likipanda vifungo vinakatika, vipande vya saizi ya kati ndo mafuta, na joto likizidi hata mafuta nayo yanakatika mnabaki na gesi.

Sasa kasi ya kukatika. Mwaka 1889 Msweden mmoja, Svante Arrhenius, alieleza kwamba kasi ya mmenyuko haipandi sawasawa na joto, inaruka. Mlinganyo wake ndo moyo wa modeli zote za kuiva kwa mafuta: unahitaji nishati ya kuvunja kifungo, unahitaji namba moja ya mbele inayosema molekuli zinajaribu mara ngapi kwa sekunde, na unahitaji joto. Basi. Nimekaa na kalkuleta nikaweka namba za kawaida, nishati kilojuli 218 kwa moli na ile namba ya mbele 10 kwa kipeo cha 14, nikauliza itachukua muda gani nusu ya kerojeni igeuke mafuta. Kwa nyuzi joto 100 inatoka zaidi ya miaka milioni 700. Kwa nyuzi 120, miaka kama milioni 20. Kwa nyuzi 140 haifiki hata milioni moja! Nyuzi 40 tu kijana wangu, na muda umepungua mara mia tisa hivi.

Kwa hiyo maharagwe yako yako sawa nusu. Ukiyaweka kwenye maji ya uvuguvugu hata mwezi hayaivi, na kerojeni kwenye nyuzi 60 itakaa tu inakuangalia, ndo maana kuna miamba ya zamani sana duniani yenye kerojeni mbichi kabisa kwa sababu haikuwahi kuzikwa chini vya kutosha. Muda peke yake haupiki.

Turudi kwetu. Tuseme juu ya ardhi ni nyuzi 25, na ukishuka kila kilomita joto linaongezeka nyuzi 30, hiyo ni ya kawaida sehemu nyingi duniani. Nyuzi 100 utazikuta kilomita 2.5, nyuzi 140 utazikuta kilomita 3.8 hivi. Bonde la Albert linazama, na mito inalijazia mchanga na tope bila kuchoka, mashapo yamefika unene wa kilomita kadhaa. Mwamba mama ukishushwa haraka hadi kwenye zile nyuzi 130 na 140 hauhitaji umri wa Waarabu, miaka milioni chache inatosha na chenji inabaki.

Kuna kitu ingine mwalimu wako anaweza kukuuliza. Zamani watu walitumia kanuni ya Mrusi Lopatin ya mwaka 1971, alafu Mmarekani Waples akaisambaza mwaka 1980: kila nyuzi 10 kasi inakuwa mara mbili. Ni rahisi, unafanya kwa penseli, na ilisaidia sana. Lakini piga hesabu kwa Arrhenius na zile namba zangu, kuanzia 100 hadi 130 kila nyuzi 10 kasi inapanda mara 5 au 6, sio mara 2. Mi naona ile kanuni iliupa muda heshima ambayo haukustahili, na kwa bonde changa kama letu ingekudanganya kwamba hakuna kitu kimeiva.

SWALI: Mimi mwalimu wa sekondari Masindi. Nyinyi wa maabara mnaweka jiwe kwenye oveni saa moja mnatuambia habari za miaka milioni. Mnajuaje?

JIBU: Mwalimu, umenishika pabaya, hilo ndo swali ambalo wenzangu wenyewe wanabishana mpaka leo.

Inavyofanyika ni hivi. Kuna mashine walibuni Wafaransa miaka ya 1970 inaitwa Rock-Eval. Unasaga kipande cha mwamba, kiasi kidogo hata gramu moja hakifiki, unakipasha bila hewa kuanzia nyuzi 300 kwenda juu, kawaida nyuzi 25 kila dakika. Kwanza yanatoka mafuta yaliyokuwemo tayari, alafu joto likipanda kerojeni yenyewe inavunjika na inatoa yale ambayo ilikuwa haijayatoa, na mashine inaandika ni nyuzi ngapi ile ya pili ilifika kileleni. Ikifika kileleni chini ya 435 hivi mwamba bado mbichi, ikizidi hapo umeanza kuiva, ingawa kerojeni ya ziwani inakuwaga kiburi kidogo inaweza kudai zaidi ya hapo.

Sasa chukua mlinganyo uleule na namba zilezile nilizompa kijana wa Hoima, weka nyuzi 400. Nusu ya kerojeni inaisha kwa dakika 10! Mmenyuko ni uleule, kasi ndo tofauti. Maabara tunapasha kwa kasi kadhaa tofauti, polepole, wastani, haraka, kwa sababu kwa kasi moja tu huwezi kutenganisha ile nishati na ile namba ya mbele, zinafichana, jozi nyingi zitakupa mchoro uleule kwenye karatasi. Na ukikosea jozi, ukishuka kutoka nyuzi 400 za maabara kwenda nyuzi 120 za chini ya ziwa kosa linakuwa kubwa vibaya. Kosea nishati kwa kilojuli 4 tu bila kugusa namba ya mbele, kwa nyuzi 120 kasi yako imepotea zaidi ya mara 3.

Alafu kerojeni sio kitu kimoja. Ina vifungo vya kila aina, vingine vinakatika mapema vingine vinang'ang'ana, kwa hiyo modeli za kisasa haziweki nishati moja, zinaweka mtawanyiko, asilimia kadhaa hapa asilimia kadhaa pale, kila kundi linahesabiwa peke yake alafu unajumlisha. Kerojeni ya mwani wa ziwani, tunaiita aina ya 1, mtawanyiko wake ni mwembamba, inakaa kimya kimya mpaka joto lifike alafu inaachia karibu yote kwa mpigo. Ile ya miti na majani, aina ya 3, imetawanyika zaidi na inatoa gesi kuliko mafuta. Aina ya 2 ya baharini iko katikati.

Na oveni kavu haifanani na ardhi, chini kule kuna maji. Mmarekani Lewan na wenzake mwishoni mwa miaka ya 1970 walifungia vipande vya mwamba na maji ndani ya chombo cha chuma, kwa nyuzi 330 hivi na siku chache, na mafuta yakatoka yenyewe kwenye mwamba yakaelea juu ya maji, yanafanana sana na ghafi ya kisimani. Mi binafsi hiyo naiamini kuliko grafu nyingi. Lakini mwalimu, hakuna maabara iliyowahi kusubiri miaka milioni moja, na tunajipima kwa kuangalia mabonde ambayo historia yake tunaijua vizuri kama namba zinakubali.

SWALI: Hapa Butiaba wazee wanasema mafuta yalikuwa yakitoka yenyewe Kibiro tangu zamani. Kama yapo juu hivo, nyinyi mnasemaje yanapikwa kilomita tatu chini?

JIBU: Wazee wako sawa, na Mwingereza E. J. Wayland aliandika habari za hayo mafuta yanayovuja huku kwetu tangu miaka ya 1920. Hata hapo kwenu Butiaba kisima cha Waki kilitobolewa mwaka 1938, zaidi ya mita 1,200, wakaona dalili, sio mafuta ya kuuza. Tulisubiri mpaka 2006 ndo visima vya Mputa na Waraga vikatoa jibu.

Lakini mafuta yanapopatikana sio yalipoiva. Visima vingine upande wa Buliisa vimekuta mafuta mita mia kadhaa tu, piga hesabu mwenyewe, mita 500 kwa nyuzi 30 kila kilomita ni nyuzi 40, hapo hata siagi haiungui. Yaliiva chini katikati ya bonde, ni mepesi kuliko maji, yakapanda kupitia mchanga na mipasuko hadi yakakuta udongo mfinyanzi umeziba juu, hapo yanaponaswa tunapaita mtego. Pasipozibwa ndo mnayaona Kibiro. Na yakifika mahali pa nyuzi chini ya 80 bakteria wanaanza kuyala, wanakula yale laini laini wanaacha mazito, kwa hiyo mafuta ya juu juu mara nyingi ni mazito kuliko ya chini.

SWALI: Mimi nafanya kazi benki Kampala, nimesoma kwamba kampuni zina modeli ya kompyuta ya bonde lote. Kama ipo, kwa nini wanatumia mamilioni ya dola kutoboa? Si waangalie skrini tu.

JIBU: Dada yangu, modeli ya bonde ni hesabu ya kurudi nyuma. Unachukua matabaka kama yalivyo leo, unavua la juu, yaliyobaki unayaacha yavimbe kwa sababu tope jipya lina maji zaidi ya nusu na limekuja kubanwa baadaye, unavua tena, hadi ufike siku mwamba mama ulipokuwa tope la ziwa. Alafu unacheza filamu kwenda mbele, kila hatua unahesabu kina, joto, na kwa lile joto kerojeni imevunjika kiasi gani. Programu inafanya hivo kwa maelfu ya vipande kwa usiku mmoja.

Kemia yake sio tatizo kubwa kama ilivyo historia ya joto. Joto la leo tu kulipata ni kazi! Kisima kikitobolewa matope ya kupozea yanaingia, ukiteremsha kipimajoto kinasoma chini ya ukweli, inabidi urekebishe. Sasa la miaka milioni tano iliyopita utalipataje? Ufa ukitanuka gamba la dunia linakuwa jembamba na joto la chini linapanda, lilipanda lini na kiasi gani? Na kama kuna tabaka lilimomonyoka likaondoka, leo hulioni lakini siku zile lilikuwa linafunika.

Kwa hiyo tunatafuta mashahidi ndani ya mawe. Kuna vipande vya mti wa kale ndani ya mwamba vinaitwa vitrinaiti, vikipata joto vinang'aa zaidi, unavipima kwa hadubini: vikirudisha asilimia 0.6 ya mwanga mafuta yameanza, vikifika 1.3 hivi mafuta yanaishia gesi inatawala. Wamarekani Sweeney na Burnham mwaka 1990 wakatengeneza mlinganyo wa kubadilisha historia ya joto kuwa huo mng'ao, unaingia hata kwenye lahajedwali, na karibu kila programu inautumia. Shida yetu mwamba wa ziwani wenye mwani mwingi una vitrinaiti kidogo na mng'ao wake unasoma chini. Kuna shahidi mwingine, madini ya apataiti, atomi za urani zikipasuka ndani yake zinaacha mikwaruzo na joto la nyuzi 60 hadi 120 linaifuta, kwa hiyo ikihesabiwa vizuri inakuambia mwamba ulikuwa wa moto au la, na karibu lini.

Modeli inayokubaliana na hao mashahidi wote unaipa masikio. Isiyopimwa na kisima hata kimoja ni picha nzuri ya rangi, na kompyuta haina aibu, itakupaka rangi tu. Tena hata mwamba mama ukiwa umeiva, modeli ya kuiva haikuambii kila kilichojaza mtego: upande wa Semliki visima vya Turaco mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikuta gesi iliyojaa kaboni dayoksaidi, ambayo huwezi kuwasha nayo jiko. Ndo maana wanatoboa.

SWALI: Dereva wa lori Malaba hapa. Bomba litapashwa moto njia nzima mpaka Tanga, ni ya kweli? Mafuta gani hayo yanataka blanketi?

JIBU: Ni kweli ndugu yangu, kilomita 1,443 na ghafi inatakiwa kubaki kama nyuzi 50. Sababu inarudi kwa ule mwani wa ziwani, kuta za seli zake zina minyororo mirefu ya kaboni, kerojeni ya namna hiyo ikivunjika inatoa nta nyingi, na nta ikipoa inaganda. Uzuri wake salfa ni kidogo, kiwandani wanaipenda.

SWALI: Wanasema kuna mapipa bilioni 6.5. Arua tunauliza, hayo yanahitaji mwamba kiasi gani, na yakiisha yatajaa tena?

JIBU: Tupige hesabu ya mfano, nasisitiza mfano, msije mkaniandikia. Mita moja ya ujazo ya mwamba mama ina kilo 2,400 hivi. Tuseme asilimia 5 ni kaboni ya viumbe, kilo 120, na kila gramu ya hiyo kaboni inaweza kutoa miligramu 600 za mafuta na gesi, unapata kilo 72, nusu pipa na kidogo. Bilioni 6.5 ni kama tani milioni 900. Ingekuwa hakuna kinachopotea ungehitaji kilomita za ujazo 12 au 13 tu. Lakini njiani vinapotea vingi, vingine vinabaki ndani ya mwamba vingine vinavuja kama Kibiro, tuseme kimoja tu kati ya kumi ndo kinafika mtegoni, basi ni kilomita za ujazo 125. Tandaza hizo chini ya Ziwa Albert lote, ambalo lina kilomita za mraba kama 5,300, unapata tabaka la mita 24. Sio nyingi kabisa, hiyo ndo inanishangaza kila nikiirudia. Na hayo bilioni 6.5 ni yaliyomo, ya kuweza kutoa ni kama bilioni 1.4.

Kujaa tena? Yanaweza kuwa yanaiva hata leo huko chini, lakini rudi kwenye kalkuleta uone miaka. Wewe, mimi na wajukuu hatumo.

SWALI: Mtoto wangu kamaliza S6 (kidato cha sita), anataka hii kazi. Aanzie wapi?

JIBU: Mama, akiwa na fizikia, kemia na hesabu, Makerere wana digrii ya jiolojia na ya mafuta, na akitaka kazi ya mikono zaidi kuna chuo cha petroli Kigumba. Wakati anasubiri majibu ajifunze programu kidogo, Python ni ya bure, huo mlinganyo wa Arrhenius hauchukui hata mistari 20. Aweke namba nilizompa kijana wa Hoima, apashe mwamba kutoka nyuzi 25 hadi 150 kwa kasi ya nyuzi 10 kila miaka milioni, aangalie unaiva wapi, alafu abadilishe kasi iwe nyuzi 1. Anitumie grafu zote mbili, mhariri akinipa nafasi tutazichapisha.